Sailensa Kutoka Auckland

"Siyo nyuma," alisema Pesamino, lakini alikuwa amelala chali chini ya gari, na mtu aliyelala chali chini ya gari hana sauti mbele ya aliyesimama.

Kutoka pale chini aliiona miguu mipana ndani ya kandambili za kijani. Ilikuwa miguu ya kaka yake, Tuifana, mkubwa wa ukoo, shemasi, na dereva wa gari la kanisa la Fagalele. Kando ya miguu hiyo lilisimama boksi refu lililofungwa utepe mwekundu, kama vile ndani mna bibi harusi.

"Unanong'ona nini huko?" aliuliza Tuifana.

"Nasema tatizo siyo nyuma, kaka. Sailensa imetoboka, ni kweli, lakini..."

"Basi umeshajijibu. Imetoboka. Mpya hii hapa. Toa mbovu, funga mpya. Ningefunga mwenyewe, ila nina kikao cha mashemasi."

Pesamino akafumba macho. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi, na katika miaka hiyo yote hakukumbuka mtu wa Fagalele aliyewahi kumletea gari bila kumletea na jibu. Huletewa gari, huletewa ugonjwa wake, huletewa na dawa, kisha huambiwa aharakishe. Wageni huacha ufunguo na kwenda zao. Ndugu hubaki kusimamia.

Gari hilo lilianza kunguruma mwezi wa sita. Jioni moja lilipita katikati ya kijiji wakati wa sa, ile saa ya sala ambayo kila nyumba huketi chini na hata aliye njiani husimama alipo, na ngurumo yake ikaumeza wimbo wa nyumba kumi na mbili mfululizo. Baraza la kijiji likamtoza dereva nguruwe mmoja. Tuifana mwenyewe ni mjumbe wa baraza, kwa hiyo aliinua mkono kujipitishia faini, akaenda nyumbani kumkamata nguruwe wake akiwa amenuna. Ndipo barua ikaandikwa Auckland kwa wana wa Fagalele walioko huko, nao wakatuma sailensa mpya, halisi, na orodha ya familia nane zilizochanga. Kesho, Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto, majina hayo yatasomwa kanisani. Tuifana alikuwa amelipanga jambo lote kichwani: majina yakimalizika tu, gari litafika mlangoni kimyakimya, na watoto watateremka weupe pepepe.

"Nipe dakika moja," alisema Pesamino, akajivuta nje. "Washa injini."

"Ya nini?"

"Kaka, washa tu."

Injini ikawaka na mabati ya karakana yakatetemeka. Pesamino akachukua gunia lililolowa maji, akalikunja mara nne, akalikandamiza kwenye tundu la bomba la moshi kule nyuma kwa viganja vyote viwili. Bomba zima likizibwa mwisho, injini hukabwa na kuzima. Lenye upenyo mahali, pumzi hutafuta upenyo na kuutaja kwa sauti. Injini haikuzima. Sailensa ilipuliza vitundu vyake karibu na magoti yake, sawa, hilo alilitarajia. Lakini mbele kabisa, chini ya viti vya dereva na abiria ambako injini ya mabasi madogo kama hilo hukaa, kulikuwa na mfyonzo mwingine, mwembamba, wa haraka, kama mtu anayevuta hewa kwenye meno.

"Zima," alisema, akarudi chini na tochi.

Alilikuta pale bomba linaposhuka kutoka kwenye injini na kukunja kurudi nyuma. Mtu alikuwa amelivisha kopo la pisupo, ile nyama ya kopo ya kila sherehe, limekatwa, likazungushwa, likafungwa kwa waya wa uzio. Picha ya ng'ombe ilikuwa bado inaonekana nusu. Chini ya ng'ombe kopo lilikuwa limeungua na kufunguka, na ndani yake ufa wa bomba ulikuwa mrefu kama kidole cha kati. Kutoka hapo masizi meusi yalikuwa yamepanda hadi kwenye sakafu ya gari, na sakafu nayo, kwa chumvi ya miaka kumi na minne ya barabara ya ufukweni, ilikuwa imelika tundu la kupitisha ngumi.

"Nani alifunga kopo hili?"

"Mimi," alijibu Tuifana kwa fahari. "Mwezi wa sita. Limekaa vizuri, sivyo?"

Pesamino alitoka chini, akafungua mlango wa abiria, akakunjua mkeka mzuri uliofumwa na kina mama wa kanisa, uliotandikwa mbele ya kiti anachokaa mke wa mchungaji. Akaona sakafu ya karakana yake mwenyewe, na spana yake ya namba kumi na nne aliyokuwa akiitafuta.

"Hilo tundu nalijua," alisema Tuifana. "Ndiyo maana nikaweka mkeka."

"Ukaweka mkeka."

"Vumbi lilikuwa linaingia."

Ni kazi ngumu kuwa na kaka mkubwa mwenye cheo. Ukitaka kucheka, unakohoa. Ukitaka kupiga kelele, unafuta mikono kwa kitambaa. Pesamino alifuta mikono muda mrefu.

"Kesho utawaleta watoto wangapi kutoka juu?" aliuliza. Tangu kimbunga kilipobomoa nyumba za ufukweni, nusu ya kijiji walihamia juu mashambani, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa barabara ya mawe, na watoto wa huko huteremshwa na gari la kanisa.

"Kumi na mmoja. Safari moja, nimeshawapima."

"Na madirisha?"

"Yatafungwa, ndiyo. Nguo nyeupe zile, na vumbi lile jeusi? Mama zao watanichuna ngozi."

"Jumatano kwenye mazoezi uliyafunga pia?"

"Kila siku nayafunga. Na nikwambie, hakuna dereva anayeleta watoto waliotulia kama mimi. Wengine wanawaleta wanapigana kama paka. Wangu wanafika malaika watupu. Jumatano nusu yao walikuwa wamelala. Wawili niliwabeba mpaka ndani. Mama zao wananiuliza, Tuifana, unawapa nini?"

Pesamino akalitazama tena lile tundu, kisha madirisha.

"Kaka," alisema taratibu, "ni moshi. Unatoka kwenye ule ufa, unapanda kwenye tundu, unajaa ndani. Ukifunga madirisha ndiyo basi. Hawakulala wale. Walilewa sumu."

"Moshi gani? Mimi sijauona moshi."

"Hauonekani."

"Moshi usioonekana."

"Ndiyo."

"Pesamino, sisi tumekua jikoni kwa mama. Moshi tunaujua." Tuifana akacheka kidogo, kicheko cha mkubwa anayemsamehe mdogo. "Na mimi dereva je? Nakaa humo humo, mbele kabisa. Mbona silali?"

"Kwa sababu dirisha lako huwa wazi vidole vitatu. Kwa ajili ya sigara."

Tuifana akageuka haraka kutazama barabarani. Barabara ilikuwa tupu, ila nguruwe mmoja.

"Punguza sauti," alisema shemasi.

"Basi kesho fungua madirisha yote."

"Siwezi. Nimeshakwambia. Wewe funga sailensa, gari linyamaze, mambo yaishe. Nitarudi saa kumi." Akaliinua boksi kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza ya kazi kama anaweka sadaka, akaondoka na kandambili zake zikipiga visigino. Kumweleza Tuifana jambo alilokwisha kuliamua ni kumpigia mbuzi gitaa, na Pesamino alikuwa amempigia tangu utoto.

Alitafuta bomba. Alilitafuta kwenye rundo la vyuma nyuma ya karakana, na kila alichokigusa kilimwachia kutu mkononi na kuvunjika kama biskuti. Maduka ya vipuri ya mjini Salelologa hufungwa Jumamosi saa sita. Kesho hakuna mtu wa Fagalele anayeruhusiwa kushika hata nyundo. Kati ya sasa na kengele ya sa ya jioni alihitaji bomba safi lenye urefu wa mkono mmoja, na kijiji kizima hakikuwa nalo.

Kisha akalitazama boksi.

Alifungua utepe bila kuukata, akaukunja vizuri. Sailensa ilikuwa inang'aa kama sufuria ya dukani. Mbele yake ulitoka mkono mrefu wa bomba, mnene, mzima, wenye mkunjo kidogo mahali panapofaa. Akaupima kwa kamba. Ulikuwa na upana karibu uleule. Ukipasuliwa kidogo mwishoni ungeingia. Lakini ukikatwa, sailensa isingefika tena kwenye bomba linalotoka mbele. Ingebaki pambo mpaka wiki ijayo.

"Usithubutu."

Ilikuwa sauti ya mkewe, Fuatino, mlangoni pa karakana, pasi ikiwa bado mkononi na waya wake ukining'inia. Huyu mwanamke alikuwa na kipaji cha kutokea wakati mtu anapofikiri jambo la aibu.

"Nitakata mkono wake tu," alisema Pesamino.

"Ile ni zawadi. Kesho majina yanasomwa, na ibada inarushwa kwenye simu, Auckland nzima itakuwa inatazama. Unataka tuhame?"

"Lagi aliposhuka huku Jumatano kwa mazoezi, alikula?"

Lagi alikuwa mjukuu wao, binti wa binti yao wa kule juu, mwenye miaka sita na mdomo wa mtu wa arobaini. Jumatano jioni hulala kwa bibi na babu.

"Hakula," alisema Fuatino. "Alilala na viatu. Alitapika usiku. Tulisema amechoka na..." Akamtazama mumewe, akalitazama gari, mlango wake ukiwa wazi na mkeka umekunjwa.

"Alikuwa mmoja wa wale wawili waliobebwa," alisema Pesamino.

Fuatino aliiweka pasi chini sakafuni, akaingia ndani, akarudi na waya mrefu wa umeme ambao miaka yote alikataa utumike karakana.

Pesamino akakata. Msumeno ulilia kwenye chuma kipya, na kila ulipolia alijikuta anakunja mabega kama mwizi. Alilifungua bomba bovu, nati mbili kati ya tatu zikikatika kwa kutu kama alivyojua zitakatika, na kopo la pisupo likaanguka na kuviringika chini ya meza. Akakipima kipande, akakiingiza, akakishikiza kwa jiwe na kabari ya mti, akavaa miwani yake, akawasha mashine ya umeme ya kuchomelea, akagusa chuma kwa fimbo yake.

Cheche tatu, kisha hakuna kitu. Akagusa tena. Fimbo ikanata. Akaivuta, akagusa, ikanata. Juu yake taa ya karakana ilikuwa imebadilika rangi na kuwa kama kiini cha yai.

Alitoka nje akatazama nyumba. Ni Jumamosi ya kabla ya Jumapili Nyeupe. Katika nyumba sabini na tatu za Fagalele, wanawake sabini na watatu walikuwa wanapiga pasi magauni, mashati, tai, lavalava za kujifunga kiunoni, vitambaa vya meza, hata mapazia, na waya mmoja mwembamba kutoka barabara kuu ulikuwa unazilisha zote.

Basi Pesamino akakaa chini juu ya tairi bovu, akajishika kichwa, akacheka kwa uchungu. Maji yalikuwa yamezidi unga. Watoto wanalishwa sumu ili nguo zisishike vumbi, na bomba haliungiki kwa sababu nguo hizohizo zinanyooshwa. Aliona kama kijiji kizima kimekula njama dhidi ya vumbi kwenye nguo za watoto wake, halafu kikaenda kuwaletea kifo kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo alipofika Mama Sinapati, mke wa mchungaji, kwa miguu, na mwavuli. Alikuwa mama mrefu, mtu wa kisiwa kingine, anayesema taratibu. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa, na chini ya kitambaa, kwenye paji la uso, lilichomoza jani la mnonu, dawa ya maumivu ya kichwa.

"Pole na kazi, baba," alisema. "Nimekuja kuona kama gari letu litanyamaza."

Pesamino akainuka, akainama, akaketi tena, kwa kuwa mama alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha plastiki, na si adabu kumsimamia.

"Mama, nisamehe kwa swali langu. Hicho kichwa huuma siku gani?"

"Siku gani?" Akafikiri. "Jumapili ndipo kinauma zaidi. Jumatano. Na siku tulizokwenda bandarini. Kinauma, halafu natapika. Wanawake wameanza kuniuliza kama nina mimba, mimi mwenye miaka hamsini na tatu."

"Na mvua ikinyesha, dirisha la dereva likifungwa?"

"Hapo ndiyo siinuki kabisa."

"Na leo? Umekuja kwa miguu."

"Leo sina..." Mama Sinapati akasita. Taratibu akapandisha mkono, akaligusa jani kwenye paji, kama mtu anayekagua mzigo na kukuta haupo. "Leo nimebandika kwa mazoea tu."

Pesamino hakumweleza. Alimfungulia mlango. Mama akaona tundu, akaona mkeka umekunjwa. Akaingiza mkono chini ya kiti chake mwenyewe na kitambaa chake cheupe cha mkononi, akapangusa mara moja, na kitambaa kikatoka cheusi.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne wananiombea. Nimekandwa tumbo. Nimepewa majani ya kunywa, machungu, mimi nayanywa. Mume wangu ameandika barua kwamba tuhamishwe, kwa sababu hewa ya hapa haikubaliani na mimi."

"Hewa ya hapa haina kosa, Mama. Ni bomba."

"Na watoto wa juu wanakaa nyuma yangu."

"Ndiyo."

Alikasirika. Pesamino hakuwahi kumwona mke wa mchungaji amekasirika, na alishukuru Mungu kwamba hasira ile haikuwa yake. Mama alilivua lile jani kutoka kwenye paji, akalitupa kwenye pipa la vyuma.

"Unahitaji nini?"

"Umeme. Nusu saa tu. Wakizima pasi."

"Leo?"

"Ni leo au kesho asubuhi wapande humo."

Mama Sinapati akafungua mwavuli wake. Mwenye cheo angehitaji kikao kwanza, na fundi asingesikilizwa kabisa, lakini mke wa mchungaji akisimama uani kwako Jumamosi mchana huna la kufanya ila kuchomoa waya. Alianza na nyumba ya kwanza kushoto. Pesamino alisikia sauti zikipanda na kushuka nyumba baada ya nyumba: "Mama, nimebakiza kola tu." "Mama, na haya marinda kumi na manne?" "Kwa ajili ya sailensa? Si mpya?" Alipofika karibu na duka, taa ya karakana ilikuwa imeanza kupauka. Alipofika kanisani, ilikuwa nyeupe.

Sasa chuma kiliungua ipasavyo. Pesamino alichomelea upande wa juu, akausafisha kwa brashi ya waya, na alikuwa anageukia upande wa chini, usiofikika bila mtu wa pili, aliposikia kandambili.

Zikasimama. Alijua Tuifana anatazama nini: boksi tupu, utepe uliokunjwa vizuri, na sailensa ya Auckland mezani, imekatwa shingo.

"Umefanya nini?"

"Nimekata."

"Nimekuuliza umefanya nini."

"Nimekata, kaka. Hakukuwa na bomba jingine."

Tuifana hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi ndiye nilikupa kiwanja hiki," alisema. "Umekula mezani kwangu. Katika ukoo huu hakuna mtu amewahi kuniinulia mkono, na wewe umeuinua dhidi ya zawadi ya kanisa. Nje kila mwanamke ananiuliza kwa nini pasi zimezimwa. Mimi dereva, mimi shemasi, sijui. Kesho nitasema nini mbele ya wale watu?"

"Sema sailensa ilifika. Ni kweli ilifika."

"Na gari litaingia linanguruma!"

"Litanguruma. Jumatatu nitaleta bomba, nitaifunga, litanyamaza. Kelele za nyuma haziui mtu. Moshi wa mbele ndio unaoua, na huo hauna kelele."

"Mimi nimekwambia ufunge sailensa. Nimekwambia kama kaka, na kama mkubwa wako."

Pesamino alikuwa bado amelala chali. Tangu kuzaliwa alikuwa akimjibu kaka yake kwa kuinamisha kichwa, na pale chini hakuwa na pa kukiinamisha. Labda ndiyo maana aliweza kusema.

"Nitoze nguruwe. Nitoze kumi, nitalipa nikimaliza. Lakini hawa watoto hawapandi gari hili na ule ufa. Nitatoa magurudumu nilale nayo. Wale wawili uliowabeba Jumatano, kaka, uliwahi kuwaita majina wakaitika? Mmoja alikuwa Lagi. Ulimbeba Lagi umemkumbatia, ukajisifu jinsi alivyotulia."

Kandambili moja ikarudi nyuma, na nyingine, na Pesamino akasikia tairi bovu likikandamizwa na mtu mzito. Tuifana alikuwa ameketi.

Alikaa hapo muda wa kutosha mtu kuvuta sigara nzima, ila hakuivuta.

"Mimi niliweka mkeka kwa ajili ya vumbi," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua."

"Na kopo lilikaa vizuri."

"Lilikaa siku chache, kaka. Njoo unishikie hapa, wanawake hawatasubiri milele."

Tuifana akaja. Alivua shati lake la kikao, akalitundika kwenye kioo cha gari, akajilaza kwenye mafuta na masizi na lavalava yake nzuri ya kijivu. Alishika bomba kwa kitambaa na kunung'unika mfululizo: taa inamchoma macho, jiwe liko chini ya mgongo wake, fundi gani hana hata turubai, na huko Auckland ile shingo isingehitaji kukatwa kwa sababu watu wa kule wana akili ya kuweka akiba. Pesamino alichomelea akimsikiliza. Walipomaliza, walipigilia kipande cha bati jipya juu ya tundu la sakafu kwa misumari kumi na miwili ya ribiti, wakalipaka lami pembeni. Tuifana alihesabu zile ribiti kwa sauti na kudai moja imekaa upande.

Waliwasha injini. Pesamino akakandamiza gunia lake, na kule mbele, chini ya kiti, hakukuwa na mfyonzo wowote. Nyuma, sailensa kuukuu ilinguruma kwa nguvu zake zote, kwa sababu sasa moshi wote ulikuwa unaifikia. Mabati yalilia. Kutoka uani mwa jirani mtu alipiga kelele kuuliza kama walizimiwa pasi kwa ajili ya hiyo.

"Aibu hii," alisema Tuifana, "itanizika." Akalichukua shati lake, akaondoka kabla kengele ya sa haijalia.

Asubuhi, kanisa la Fagalele lilikuwa jeupe kuanzia mimbari hadi baraza, na ukitazama vizuri ungeona kuwa nusu ya weupe huo umekunjamana. Katibu alisimama na karatasi yake mbele ya simu iliyofungwa kwenye kijiti, akaanza kuzisoma familia nane, akizitaja kwa vyeo na vijiji vya asili, zilizotutolea moyo wao na kutuletea sailensa mpya. Alikuwa kwenye familia ya tano ngurumo iliposikika kutoka juu.

Iliteremka mlima polepole. Katibu akapandisha sauti. Ngurumo nayo ikapanda. Kwenye familia ya saba hakusikika tena, akabaki anachezesha midomo, na safu za nyuma zikaanza kutetemeka kwa kicheko kilichozibwa kwa vitabu vya nyimbo. Mzee mmoja akageuka kumtazama Pesamino waziwazi. Masikio ya Pesamino yakawaka moto. Alitazama viatu vyake, akajua kwamba hadithi hii atasimuliwa mbele yake mpaka siku atakayozikwa, na kwamba ndani ya hadithi hiyo atakuwa ndiye mjinga.

"Kaa wima," alinong'ona Fuatino, akamfinya.

Gari likafika mlangoni, madirisha yote yamefungwa, likazima. Kimya cha ghafla kikajaa kanisa. Mchungaji akainua mkono kuwakaribisha malaika.

Mlango wa gari ukafunguka kwa kishindo, na zikamwagika kelele. Mtoto alikuwa analia kwamba amevutwa utepe wa nywele. Wawili walikuwa wanagombea ngazi. Mwingine alimpiga mwenzake kwa upepeo, naye akapigwa kwa Biblia. "Mmoja mmoja, nimesema mmoja mmoja," ilisikika sauti ya Tuifana, imekauka kabisa, ni wazi alikuwa anasema hivyo tangu juu. Mama Sinapati alishuka mbele bila kitambaa kichwani, akawashika wawili kwa mikono, wa tatu akamponyoka. Akina mama wakainuka kwenye viti kwa aibu, wakienda kuwazima watoto wao mbele ya Auckland nzima.

Pesamino alikuwa amegeuka kabisa kwenye benchi, mgongo kwa mimbari, jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Alikuwa anahesabu. Tisa. Kumi. Wa mwisho alikuwa Lagi, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, amesimama kwenye ngazi ya gari, uso umegeukia ndani, bado anabishana na babu yake mkubwa, Tuifana, juu ya nani aliyeanza.